Deni la Jumamosi

Baba,

Shikamoo. Naanza na habari ambayo najua ungeiuliza kwanza: chumba cha mbele hakijawa duka. Baba Mdogo Maige amekuja na kufuli lake, ameondoka nalo. Atarudi tu, unamjua mdogo wako. Nami nipo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, lile ulilolipigilia misumari mwenyewe baada ya ushirika wa pamba kukupunguza kazini. Ubao haujafutwa wote. Upande wa kulia nimeacha mwandiko wako na neno lako la mwisho, "free". Mama anasema nimeufanya ubao kuwa kaburi la pili. Simjibu, kwa sababu naye akipita hapa asubuhi na fagio huwa anasimama kuutazama.

Walimu wengine wa mtaani, pale Kiseke, walikuwa wanafundisha Kiingereza kwa kuwakaririsha watu kwamba kalamu iko juu ya meza. Wewe, kila Jumamosi ndani ya chumba hiki cha mbele na bila kudai hata shilingi, ulichukua neno moja, la kawaida kabisa, ukalifungua wiki baada ya wiki, na kila mwanafunzi alitakiwa alete maana aliyoiokota kazini kwake au barabarani. La "free" ulilifurahia kuliko yote. Muuza mitumba alileta kopo la mafuta ya nywele: nunua mawili, la tatu bure. Mzee mwenye kisukari akaleta pakiti ya biskuti zisizo na sukari. Mama Suzi, anayekata minofu ya sangara kiwandani, alisema msimamizi wao Mzungu hulitumia kuuliza nani mikono yake haina kazi. Wewe ukaongeza mtu asiye mtumwa, kiti kisicho na mtu, na mtoaji asiyepimapima. Nakuona ukicheka, chaki kwenye nyusi.

Asili ya neno uliiweka mwisho siku zote, kama mtoto anayebakiza kipande cha nyama kando ya ugali. "Jumamosi ijayo," ukawaambia. "Mkija ndipo mtajua lilikotoka." Alhamisi ukaanguka ukinyoa ndevu. Mpaka leo kioo kile sikitumii.

Tulikuzika Kisesa, karibu na bibi. Ilipofika zamu ya familia kusema, Baba Mdogo akasimama na lile koti lake jipya akatangaza kama inavyotangazwa kwenye kila msiba: aliyekuwa anamdai marehemu ajitokeze, asije akalala na deni. Alisema kwa haraka, maana alijua hukuwahi kukopa hata chumvi. Mama Suzi akanyoosha mkono. Alikuwa ameomba ruhusa kiwandani akaja na buti zake nyeupe za plastiki. "Mimi namdai," akasema. "Alituahidi asili ya neno. Hajatupa." Nyuma yake muuza mitumba naye akainua mkono, na yule mzee wa kisukari, na darasa zima.

Watu walicheka, Baba. Kaburini kwako watu walicheka, na mimi nilicheka huku kamasi zikinitoka. Baba Mdogo akasema hilo si deni. Shangazi, dada yenu mkubwa, akamkata hapo hapo: "Umeuliza mwenyewe, Maige. Umejibiwa. Deni la kaka yako litalipwa na nyumba yake."

Siku ya kumaliza msiba wakagawana. Baiskeli, shamba, ng'ombe wawili waliobaki. Kuhusu chumba cha mbele Baba Mdogo alikuwa na hesabu zake tayari: kiko barabarani, kuna Mwarusha anakitaka auze soda na betri. "Bure ndiyo iliyomuua kaka yangu," alisema. "Sasa hivi kila kitu ni biashara, bwana." Nilisimama. Unajua mimi si wa kusimama kwenye vikao. Nikasema deni limekopwa ndani ya chumba hicho na litalipwa ndani ya chumba hicho, na mpaka lilipwe hakuna soda itakayoingia. Shangazi akatia ugoro puani akasema sawa.

Tatizo ni kwamba asili yenyewe sikuijua. Nilikukasirikia, Baba, nakwambia bila kuficha. Ulikuwa na haraka gani ya kwenda nayo? Nikapanda kivuko mpaka Sengerema, kwa rafiki yako Mwalimu Bahati, aliyestaafu na kamusi yake nene isiyo na jalada. Aliponiona tu machozi yakamjaa, akaenda kuitafuta ndani bila kuuliza nimefuata nini.

Jumamosi chumba kilijaa mpaka dirishani. Baba Mdogo alisimama mlangoni na kufuli mkononi, ashuhudie malipo. Shangazi alikaa mbele kabisa. Nikawaambia. Kwamba zamani sana, kabla Waingereza hawajaitwa Waingereza, mzizi wa neno hili ulikuwa kupenda. Kwamba ndani ya boma kulikuwa na wapendwa, watu wa nyumba, na kulikuwa na watumwa. Aliyekuwa mpendwa ndiye aliyekuwa huru. Kwamba neno lao la rafiki limetoka kwenye mzizi huo huo. Na kwamba ile maana ya bila malipo ilikuja baadaye sana.

Kisha Mama Suzi akasema, kama anajisemea: "Kumbe huru ni mwenye watu wake." Akatazama buti zake. "Sasa hili soko huria, watu wake ni akina nani?"

Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa, tunayakaanga tunashukuru. Ushirika umekufa, pamba inanunuliwa na anayetaka kwa bei anayotaka. Kila kitu kimekuwa ruksa Mwanza hii, isipokuwa mtu kutoa alichonacho bila kutaja bei. Hilo tu ndilo linaloitwa wazimu. Basi niiteni mwendawazimu, nimetokana na mwingine.

Baba Mdogo akakohoa. "Haya. Deni limelipwa mbele ya mashahidi. Tufunge." Na kweli watu walianza kuinuka, Baba. Waliinuka kwa sababu ni waungwana. Nikaona benchi lako linabaki tupu, mkono ukaenda wenyewe kwenye chaki. Upande wa kushoto wa ubao nikaandika neno jipya, "run", nikauliza nani ana maana. "Kukimbia," akasema mmoja akiwa amesimama. Mwingine akasema pua ya mtoto ikitoa kamasi. Mwingine, kugombea udiwani. Wakakaa tena. Nikawaambia asili yake mtaipata mwisho, Jumamosi mkija, na mpaka hapo mnanidai.

Shangazi ndiye aliyecheka wa kwanza, ugoro ukamtoka. "Nenda nyumbani, Maige. Darasa ni la kaka yako, na kaka yako anadaiwa."

Huo ndio utaratibu wangu sasa. Neno likikaribia kuisha, nafungua jingine kabla sijatoa asili ya lile la kwanza. Baba Mdogo anasema ni ujanja. Ni ujanja, ndiyo, na nimeurithi kwako pamoja na ubao, kwa kuwa hivyo viwili hakuna aliyevitaka kwenye mgao. Shilingi sichukui. Kufuli sikubali.

Lala sasa, Baba. Neno lako la upande wa kulia silifuti. Nakuahidi hili: chumba hiki hakitamaliza kulipa nikiwa hai. Na siku yangu ikifika, mtu akasimama kaburini kuuliza ni nani anayemdai marehemu, nataka mikono yote inyooshwe.

Mwanao,
Kabula