Kufungwa kwa Jukwaa la Waporomokaji

Jumatatu, 9 Machi

Swali ni lilelile, na nimelizungusha kichwani miaka yote ya ndoa hii bila kulipatia jibu la kuridhisha: je, inawezekana kumheshimu mtu huku unakidharau kitu anachokipenda kuliko vyote? Nimewahi kujibu ndiyo. Nimewahi kujibu hapana. Kila jibu hudumu mpaka wakati wa chai.

Leo mume wangu ametangaza kwamba analifunga jukwaa. Jumapili jioni, basi. Mtambo umezeeka, watu wamehamia kwenye makundi ya simu, naye amechoka. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, bado amevaa koti jeupe la kliniki – ni daktari wa meno – kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba. Nilisema pole. Nadhani niliisema vizuri. Binti yetu, aliyekuwa akipaka siagi mkate, alicheka mpaka akapaliwa. Pole ya nini, mama? Si ushangilie tu!

Niandike wazi, nisije nikajidanganya kwa maneno ya heshima. Jukwaa hili ni mahali mtandaoni ambapo watu wazima, wenye kazi na watoto, hukutana kujadili bustani za michezo: wapi kuna vigari vipya vya reli, vinapanda juu kiasi gani, vinaporomoka kwa kasi gani, foleni ni fupi saa ngapi. Huweka akiba ya likizo ya mwaka mzima, wakavuka mipaka, ili mashine iwainue na kuwaachia. Kisha hurudi na kuandika kurasa sita kuhusu dakika mbili. Wanajiita Waporomokaji. Bila haya!

Jumanne, 10 Machi

Kuagana kumeanza. Ameiacha kompyuta wazi kwenye meza ya chakula, kwa makusudi nadhani, nami nikawa nasoma huku nikihariri rasimu ya kitabu cha jiografia cha darasa la sita. Kazi mbili zinazofanana sana. Sentensi mbovu huku, sentensi mbovu kule.

Malkia wa Foleni – mtu mzima, karani wa benki – anasema jukwaa limemlea. Limemlea! Anayejiita Popo anakumbuka mchana walipokula mikate chini ya reli mpya, watu wakipiga mayowe juu ya vichwa vyao, na anaapa kwamba hajawahi kuwa na amani kama siku ile. Mmoja ameandika aya tatu zisizo na kitenzi hata kimoja. Kisha, katikati ya machozi, ugomvi: kuna aliyejitangazia Idadi yake ya mwisho, yaani hesabu ya vigari alivyopanda, wakambaini amehesabu kigari cha majini. Cha majini hakihesabiki! Wakararuana kwa adabu mpaka jioni. Wako msibani na bado wanagombania viti.

Idadi ndicho cheo chao. Kila aliyetoka safari huandika amepanda vigari gani, na jibu la kwanza analopewa ni neno moja: "Macho?" Naye sharti ajibu: "Wazi." Aliyefumba macho kwenye mporomoko hahesabiwi. Kanuni hiyo aliitunga mume wangu mwenyewe, mwaka wa kwanza. Yeye ndiye Mwenyekiti, na Idadi yake ndiyo kubwa kuliko zote. Huyu huyu aliyekosa hata ukatibu msaidizi kwenye chama cha madaktari wa meno.

Sentensi hiyo ya mwisho ina sumu. Naiacha. Ni ya kweli pia, ingawa sina hakika kwamba ukweli ndio ulionifanya niiandike.

Alhamisi, 12 Machi

Jana hakukuwa na la kuandika. Leo lipo.

Amerudi mapema. Alinawa mikono kwa muda mrefu, kidole kwa kidole, kama anayejiandaa kwa mgonjwa. Akasema anataka nimhariri neno lake la kuaga. Nikamwambia alilete. Akasema hajaliandika, kuna jambo lazima lisemwe kwanza. Nilidhani ni mwanamke. Nilikwishaanza kuchagua uso wa kuvaa.

"Sijawahi kufumbua macho," alisema.

"Wapi?"

"Huko juu. Hata mara moja."

"Hata kile kidogo cha watoto?"

"Kile ndicho kibaya zaidi. Kinalia."

Nilicheka. Nilicheka vibaya, paji la uso mezani. Safari zote hizo, ramani zote hizo ukutani, hotuba zote kuhusu ujasiri wa kutazama – na bwana mkubwa kafumba kama mtoto anayechomwa sindano! Naye akaanza kucheka. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu tulikuwa tumemkumbuka mtu mmoja.

Mwalimu. Anafundisha udereva, na alikuwa rafiki wa nyumba hii: akiniita shemeji, akija kila Jumamosi, akimaliza sukari yetu bila kuomba radhi. Walisafiri pamoja yeye na mume wangu. Miaka sita iliyopita walipanda reli fulani mpya, viti vya kukaribiana. Mwalimu aliporudi akaandika, akaulizwa kama kawaida, "Macho?" Akajibu: hapana, mporomoko wa kwanza nilifumba, naomba mnipunguzie mmoja. Mmoja tu! Ndipo Mwenyekiti akatoa hukumu kwamba aliyefumba mara moja hana wa kumthibitishia kwamba hakufumba zote, akamfutia Idadi yake yote. Na yeye mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yake, kope zimebanwa. Mashahidi wawili wa tukio moja, na hakuna hata mmoja aliyeona!

Wajinga wale walicheka mwezi mzima. Halafu mmoja wao, hatukujua nani, akaenda kwenye ukurasa wa shule ya udereva ya Mwalimu na kuandika kwamba mwalimu wa hapa hufumba macho barabarani. Wengine wakaongezea. Utani, walisema. Wazazi hawakuuona utani. Wakaondoa watoto wao. Mwalimu hakurudi jukwaani, wala Jumamosi hapa kwetu.

Nimeudharau ujinga wao kwa sababu niliuona hauna madhara. Sasa itabidi nitafute dharau ya aina nyingine. Hii niliyonayo haitoshi.

Ijumaa, 13 Machi

Amemwambia binti yetu pia, wakati wa kifungua kinywa. Binti akatua kikombe. Akauliza: baba, yaani wewe mchana kutwa unawaamuru watu wafungue mdomo, na macho yako mwenyewe hayafunguki? Mume wangu akasema si jambo la mzaha. Binti akasema ndiyo, si la mzaha, na akaacha kutabasamu. Alikuwa katikati ya masomo kwa Mwalimu wakati ule. Baba yake alimhamishia shule nyingine.

"Alikuwa anaimba tukirudi nyuma," alisema. "Ili nisiogope. Ana sauti mbaya huyo!"

Anasema amepita pale juzi. Magari yalikuwa manne, limebaki moja. Anafundisha peke yake, katika uwanja wa changarawe nyuma ya ghala la saruji.

Mume wangu hakumaliza chai. Akaenda kung'oa magego.

Jumamosi, 14 Machi

Rasimu imefika. Mungu wangu! Mtu huyu ana shahada mbili.

"Kulikuwepo na hali ya kutoona." Nani hakuona? "Maamuzi yaliyofanyika yalileta usumbufu kwa mwanachama mmoja." Nani aliamua? Usumbufu! Mtu amepoteza magari matatu. Nilikata, nikaandika pembeni, nikamrudishia. Akaleta ya pili: kurasa mbili kuhusu utoto wake na kizunguzungu. Nikaikata yote. Ya tatu ilikuwa fupi: nilifumba macho kila mara, nilimhukumu mwenzangu kwa jambo nililokuwa nikilifanya kando yake, kwa muda uleule, na anayetaka kucheka anicheke mimi. Hiyo sikuigusa. Nilitafuta kosa, sikuliona. Iliniudhi.

Kisha akanieleza anachokiogopa, na nilichukia kwamba kina mantiki. Kila jioni ya miaka hii yote alitoka kliniki, ambako watu humwogopa, akaja nyumbani, ambako mimi… hakuimalizia. Akaingia jukwaani, ambako wakimwona wanafurahi. Akituma maneno haya watakesha wakimtukana kwa saa za mwisho walizo nazo, na baada ya hapo hakutakuwa na mahali pa kurudi kujisafisha. Asipoyatuma, jukwaa litazimika na kila kitu kitafutika. Hatajua mtu. Mwalimu atabaki kuwa yule aliyefumba.

Nikamwambia aende kwa Mwalimu kwanza. Akasema atakwenda kesho, twende wote, na kompyuta niibebe mimi.

"Uitume au usiitume, utaamua wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe umetudharau sote sawasawa. Hutampendelea mtu."

Sijui kama nilitukanwa au nilisifiwa. Huenda vyote viwili. Jioni nilipita nyuma yake nikamwona anamjibu Popo, aliyetaka kujua kama Mwenyekiti analia. Alikuwa ameandika: kidogo.

Jumapili, 15 Machi

Naandika garini mwetu, daftari limeegemea usukani, kompyuta kwenye kiti cha pembeni.

Tulimkuta Mwalimu anapanga koni za plastiki kwenye changarawe. Amenenepa kidogo. Kofia ni ileile, au inafanana. Alitutazama tukishuka, wala hakuharakisha koni zake.

"Shemeji," alisema. "Mmepotea."

Nikasema ni kweli, tumepotea. Akamgeukia mume wangu.

"Nasikia duka mnafunga leo."

"Leo jioni."

"Na wewe umekuja kujifunza kuendesha?"

Mume wangu amekuwa dereva tangu kabla sijamjua. Alisimama na mikono ikining'inia, daktari mzima, na akayasema. Nilihofia kizunguzungu na utoto. Hakusema hayo. Alisema ileile ya tatu, karibu neno kwa neno. Mwalimu alisikiliza huku akiisukuma koni moja kwa ncha ya kiatu. Alipotikisa kichwa nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Yaani siku ile," alisema polepole, "ningefumbua, ningekuona?"

"Ungeniona."

"Yalaa!" Akacheka, kicheko kifupi kibaya, kisha hakucheka tena. "Magari matatu, daktari."

Nikaona ni zamu yangu, nikamweleza kuhusu kompyuta: kwamba maneno hayo yameandikwa, kwamba wote wale watayasoma akitaka, kwamba imebaki kubonyeza. Je, tutume?

"Shemeji, usiniulize mimi," alisema. "Mimi niliulizwa mara moja, nikajibu ukweli."

Akaenda akafungua mlango wa dereva wa lile gari lililobaki, akabaki ameushika. Mume wangu hakuelewa. Mwalimu akamwambia: mkanda, daktari. Wakaingia wote wawili, Mwalimu upande wenye breki ya pili, na gari likaanza kuzunguka koni kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea.

Bado wanazunguka.

Kwenye kompyuta, Malkia wa Foleni ametangaza kwamba anasimama mstari wa mwisho wa maisha yake. Popo anawataka wote waandike "Wazi" kwa pamoja kumuaga Mwenyekiti. Wameanza. Wazi. Wazi. Wazi! Unashuka tu, ukurasa mzima, neno moja, kutoka kwa makarani na mafundi na mama wa watoto watatu, wote wameketi mahali fulani Jumapili hii wakimpigia saluti mtu aliyewadanganya. Miongoni mwao yupo yule aliyeandika kwenye ukurasa wa shule. Bila shaka naye ameandika Wazi.

Kidole changu kiko juu ya kitufe. Nataka kutuma. Nataka sana, na hapo ndipo penye tatizo: nimejichunguza na sioni kwamba ninataka kwa ajili ya Mwalimu. Nataka kuwaona wakikatizwa katikati ya neno lao. Nataka wakose pa kuweka nyuso zao. Na mume wangu je? Nilipomsikia akisema pale kwenye changarawe, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa na la kumsahihisha, na papo hapo nikataka aadhibiwe. Yote mawili kwa pumzi moja. Alinipa uamuzi akiamini dharau yangu ni ya haki, haina upande. Nami niliamini hivyo hivyo. Sasa sijui ni nini hasa nilichokuwa nacho miaka yote hii, na hakimu asiyejua hilo hana la kubonyeza. Lakini kutobonyeza nako ni hukumu. Mwenye kulipa ni Mwalimu, tena.

Kwa hiyo swali langu la Jumatatu limebaki palepale, na nadhani najua sababu: nimekuwa nikiuliza kama ninaweza kumheshimu yeye. Sikuwahi kuuliza ninachoheshimu mimi ni kitu gani.

Gari limesimama! Ghafla, katikati ya koni, mpaka pua ikainama. Sijui ni breki ya upande gani. Vioo vimepandishwa. Namwona mume wangu anaongea, au anavuta pumzi. Mwalimu ametazama mbele.

Huku bado wanaandika Wazi. Wengine wameanza kuuliza Mwenyekiti yuko wapi. Kidole changu bado kiko juu ya kitufe.