Haya, Mama

Jumapili, tarehe 15 Desemba

Imetangazwa leo mezani. Sherehe ya sikukuu ni Jumamosi ijayo, hapa hapa nyumbani. Mama mkwe kaalika ndugu wote, majirani, na watu wa ofisini kwa wifi. Hataki sahani wala vijiko. Vitafunwa tu, vitamu na vya chumvi, watu washike mkononi wapige soga wamesimama.

Hakuniuliza. Kaniwekea tu mkono begani, kasema mwanangu huyu atatutoa kimasomaso kama kawaida yake. Wote wakanitazama. Nami nikasema — Haya, Mama.

Haya! Neno limetoka hata sijameza tonge. Nadhani tangu niolewe sijasema neno jingine mara nyingi kama hilo. Nikikubali, haya. Nikichoka, haya. Nikitaka kulia, haya, halafu naenda kumenya vitunguu ili machozi yapate kisingizio.

Wifi kaongeza kwamba wenzake ofisini ni watu wa kuchagua, vitafunwa visiwe vikubwa. Viwe vya kuingia mdomoni mara moja. Kasema hivyo huku anapuliza kucha zake zikauke. Hizo kucha hazijawahi kugusa unga, na kwa jinsi zilivyo ndefu, nashukuru.

Jumatatu, tarehe 16 Desemba

Nimekwenda duka la mikate kununua hamira na siagi. Mwenye duka tunamwita Mama Tanuri. Sijui ni kwa sababu ya tanuri lake au ya sauti yake. Zote mbili unazisikia kutoka barabarani.

Wiki iliyopita nilimpelekea biskuti zangu aonje, nikajifanya nataka tu ushauri. Leo kanivuta nyuma ya kaunta. Mtu wake wa meza ya unga anahama. Ananitaka mimi, kuanzia mwaka mpya. Aproni yangu mwenyewe, meza yangu, na ufunguo wangu wa mlango wa nyuma! Ufunguo. Nimeurudia moyoni njia nzima.

Na nilimjibu nini? Haya.

Kacheka. Kisha akaacha kucheka. "Haya ni ndiyo, au haya ni tutaonana? Mimi mwenzio nataka ndiyo au hapana. Jumamosi jioni nafunga, sifungui mpaka mwaka mpya. Nisipopata jibu nampa mwingine."

Nikasema haya, nitakujibu. Nimetoka pale bila hamira. Imebidi nirudi kuichukua, kanipa huku ananikazia macho.

Jumanne, tarehe 17 Desemba

Nimemwambia mume wangu. Nilimngoja anawe mikono kwanza, maana akitoka gereji na grisi zake hasikii neno mpaka aoshe. Kasema ni jambo zuri sana. Kasema yeye upande wake hana neno.

Ila mama.

Ila mama! Kwani nimeolewa na nani? Kasema nisubiri sikukuu ipite. Nikamwambia sikukuu ikipita na nafasi imepita. Kasema basi mwambie mwenyewe, wewe ndiye unayepatana naye. Halafu akaulizia chakula.

Ukweli ni kwamba tunapatana, na hapo ndipo pagumu. Angekuwa mama mkwe wa kunisimanga ningeshafunga virago zamani. Lakini nilipofiwa na mama yangu, huyu ndiye aliyenilaza mapajani kwake. Alinilisha uji kwa mkono wake. Nilipokataa kula alisema na yeye basi hali, na kweli hakula. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba jikoni kwake panakubana?

Lakini panabana. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kitasa cha ndani cha mlango kimeng'oka tangu mwaka juzi, mlango ukijifunga huwezi kutoka mpaka wa nje akufungulie. Tunauzuia kwa tofali. Mume wangu anashusha injini nzima na kuirudisha, lakini kitasa — kesho. Kesho yake hiyo imeshaota mvi.

Jumatano, tarehe 18 Desemba

Majaribio. Vijipai vya nyama ya kusaga na vijipai vya jemu. Mipira ya viazi na jibini. Biskuti za siagi. Vijiti vya chumvi vyenye ufuta juu.

Vijipai vyote nimevikata umbo moja, nusu mwezi, vipendeze kwenye sinia. Vitamu nafunga kingo kwa meno ya uma. Vya nyama nabana kwa dole gumba, mkunjo juu ya mkunjo, kama mama yangu alivyonifundisha. Ukijua kuangalia huwezi kukosea.

Mama mkwe kaonja, kafumba macho. Kasema hajawahi kula kitu kama hicho maishani. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa nazidisha nyama! Nimejikuta naahidi na keki ndogo ndogo juu ya hivyo vyote. Hakuna aliyeziomba.

Kisha nimemsikia sebuleni kwenye simu, anamsifia jirani. Mkwe wangu ana haya, hajawahi kunijibu vibaya, hajawahi kukataa kitu.

Nimesimama na mwiko mkononi. Ana haya. Kumbe haya yangu na haya zangu amezipika chungu kimoja! Mimi nasema haya kwa maana ya sawa, nimesikia. Yeye anasikia haya ya mtu mwenye soni, binti aliyefunzwa. Sasa mwenyewe sijui tena ninayosema ni ipi. Labda imeshakuwa moja.

Alhamisi, tarehe 19 Desemba

Nimekaribia kusema. Tulikuwa wawili, tunachambua mchele. Nikaanza: Mama, kuna jambo. Akanyanyua uso, akatabasamu, akauliza kama unga umepungua.

Nikasema ndiyo, umepungua.

Haukupungua. Sasa tuna mfuko mwingine mzima.

Ijumaa, tarehe 20 Desemba

Balaa! Mama mkwe kaenda mwenyewe duka la mikate asubuhi, eti nisisumbuke. Kamkuta Mama Tanuri, wamezungumza wee, na kamwalika! Atapita kesho akishafunga duka.

Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali: mlizungumza nini? Kasema wamezungumza mambo ya tanuri tu. Kasema yule mama ni mtu mzuri, ila anauliza sana. Aliuliza hali yangu. Aliuliza kama mimi ni mtu wa kusema ninachotaka. "Nikamwambia mwanangu huyu hana makuu, yeye kila kitu ni sawa."

Nilikuwa nakanda unga. Nimeukanda mpaka ukawa mgumu, imebidi nitupe.

Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nimesema haya huku na haya kule, na kesho yote mawili yatakuwa sebule moja, yanakula biskuti zangu.

Mume wangu kaingia jikoni kuiba mpira wa viazi. Nikamwomba anisindikize kusema, asimame tu karibu yangu, asiseme neno. Kasema atasimama. Nikamuuliza, na kitasa? Kesho, kasema. Tumecheka wote. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, sikatai. Nikaendelea kujaza vijipai.

Jumamosi, tarehe 21 Desemba

Naandika jikoni, nimekaa juu ya ule mfuko wa unga usiohitajika. Niandike haraka.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Kila kitu kilitoka rangi nzuri, hata zile keki za kujipendekeza. Mchana nikaanza kukaanga mipira ya viazi. Wageni wakawa wanaingia. Wifi akaja, gauni jipya, kaziba pua. Eti harufu ya mafuta itawafikia wenzake. Akalisukuma tofali kwa ncha ya kiatu, mlango ukajifunga, akaondoka zake.

Nikagonga kwa mwiko. Nikaita. Muziki umefunguliwa huko sebuleni, nani asikie? Mafuta yanachemka, moshi, dirisha na ule ukuta wa jirani. Nilizima jiko nikakaa chini. Nikaogopa. Si moto niliouogopa. Niliogopa jinsi nilivyotulia, kama mtu aliyefika kwake.

Aliyefungua ni mjomba wa mume wangu, yule mwenye tumbo, anatafuta maji ya kunywa. Akaniuliza kwa nini nimejifungia.

Nimejifungia!

Nikarudisha tofali, nikawasha jiko, nikamaliza kukaanga. Nikatoa masinia. Wifi akayapokea mlangoni, na kabla sijasema kitu kamimina vijipai vyote pamoja, vya nyama na vya jemu, maana eti vyote ni sawa. Mjomba akauma kimoja akitarajia nyama. Sura yake! Akameza lakini, akachukua kingine, hicho kikawa cha nyama, akasema ndiyo hicho sasa. Watu wakaanza kucheza bahati nasibu. Kila anayeuma anacheka. Wifi anawaambia wenzake ni wazo lake.

Sikukasirika. Nilikuwa natazama mlango wa mbele.

Mama Tanuri kaja jua linaelekea kuzama. Kavaa vizuri, ila karibu na sikio ana unga, hajauona. Kasalimia wakubwa. Kachukua kijipai, hakukila kwanza. Kakigeuza, katazama chini yake, kapitisha kidole kwenye mikunjo ya dole gumba langu. Ndipo akala. Hakukisia, alijua ni cha nyama. Akanitazama kupita vichwa vya watu, akapandisha nyusi. Basi, hilo ndilo swali.

Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwepo. Alisogea kweli, akasimama karibu yangu kama alivyoahidi. Nikavuta pumzi. Nikasema moyoni, sasa.

Mama mkwe akanitangulia. Kagonga glasi kwa kijiko, muziki ukazimwa. Kashukuru wageni. Kasema ana habari njema. Kuanzia mwaka mpya nyumba hii itapika vitafunwa vya maofisini. Wifi atatafuta wateja, tayari wenzake wameagiza. Na mimi nitapika, hapa hapa, bila kutoka nje, bila kuhangaika na jua wala mvua. Watu wakapiga makofi. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. Ana furaha, masikini. Anadhani ananipa zawadi. Nimeona machoni mwake, ananipa kitu anachokithamini kuliko vyote: kubaki naye.

"Au sio, mwanangu?"

Sebule nzima na vijipai mikononi. Mama Tanuri kaacha kutafuna. Mume wangu anatazama viatu vyake.

Lile neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nililisikia, ha- ile ya mwanzo, pumzi tu. Nikaumeza ulimi. Nikasema, "Mafuta yangu, ngoja nigeuze," nikakimbia.

Nimewasikia wanacheka nyuma yangu. Na sauti ya mama mkwe, kwa mapenzi yote: mnamwona, huyu ana haya sana.

Nimeingia hapa, nikalipiga teke tofali mwenyewe. Mlango ukajifunga. Leo mjomba atakuwa amesema kweli.

Jiko nilishalizima nilipomaliza kukaanga. Kwenye karai hamna kitu, mafuta tu yanapoa. Hakuna cha kugeuza na wote watajua, maana hakuna mlio wa kukaanga. Muziki hawajaufungulia tena. Wananingoja.

Nampenda. Niandike hivyo, isije ikasemwa baadaye kwamba sikumpenda. Nampenda na nataka ule ufunguo. Nikibaki nitampenda mpaka lini? Najua kitakachotokea. Nitaanza kumchukia polepole, kwa adabu, nikimwitikia haya, Mama, haya, Mama, na yeye hatajua mpaka anakufa.

Nasikia Mama Tanuri anaaga. Anaaga kwa sauti yake ile, anataka niisikie. Mama mkwe anamwambia subiri kidogo, mwenyewe anakuja, hujamuaga mwenyewe.

Nimejaribu neno lile lingine. Hapa peke yangu, taratibu, kama ninavyoonja chumvi kwenye mchuzi. Hapana, Mama. Ha-pa-na. Linaanza kama lile lile! Ile ha- ya kwanza ni moja, ni hapo katikati tu ndipo midomo inapobana. Sikuwahi kujua. Hapana, Mama. La pili limetoka na sauti.

Nyayo zinakuja. Ni zake, ndala za sikukuu, anaburuta mguu wa kushoto. Kitasa cha nje kinazunguka. Anauliza kupitia mlangoni nazungumza na nani humo ndani, na kama nimesema —