Atomu za Apolinary si Bomu

Kitaji, Musoma
8 Julai 1985

Dada Hyasinta,

Barua yako imefika. Baba amekosea hapa: kusikia tu mume wangu anasoma habari za atomu, akadhani anatengeneza bomu, akatukataza kukanyaga nyumbani Butiama.

Mwambie baba kwamba Apolinary wangu anasoma mwanga! Anasema atomu zikikaa jirani zinasikilizana, na punje za mwanga zinazozitoa hazitoki ovyo. Ukiipata moja, unajua habari za mwenzake. Nikamwambia, "Kama vigelegele vya harusi yetu. Shangazi Esta akianza, wengine wanadakia!" Akacheka mpaka akamwaga chai, na sukari ilivyo adimu. Dada, nampenda mwalimu huyu!

Usimwambie baba kwamba nililia. Mwambie kabla mwezi haujaisha tunakuja, mikononi hatuna bomu, ila sabuni mbili za mama.

Mdogo wako, sasa mke wa mtu,
Pelagia