Baba, Babu Hakubeba Bunduki

Kwako Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ndivyo ulivyotulea: siwezi kuanza kusema nawe bila shikamoo, hata kama marahaba haitakuja.

Nakuandikia nikiwa kibarazani Isevya, hapa Tabora, cherehani imenyamaza mbele yangu. Tangu tulipokuzika sijalia. Msibani watu walinitazama kama mtu anayeficha kitu. Sikuwa naficha, Baba. Nilikuwa na ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila yangu imeshika mwili mzima. Nakula, nashona, nawajibu wateja. Jana nimekata gauni la harusi bila kukosea popote, na sasa hivi sikumbuki lilikuwa la rangi gani.

Lakini uliniachia kazi na nimeimaliza, kwa hiyo naleta majibu.

Unakumbuka asubuhi za Idi? Kabla ya pilau ulitupanga uani, mimi na kaka zangu, kila mmoja na kipande cha mninga begani kutoka karakana yako ya useremala, wewe unaongoza: "Kushoto, kulia! Wajukuu wa askari hawaburuti miguu!" Mimi ndiye niliyekuwa msichana pekee na uliniweka mbele. Kaka zangu walinuna mpaka pilau ilipoiva. Na ile siku tuliyokwenda kwa miguu njia ya Kwihara, ile ya misafara ya zamani, ukaniambia kwamba baba yako alipita pale na bunduki, wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza? Nilikuuliza aliua watu wangapi. Ukaninunulia muwa. Nikadhani ni wengi mno kuhesabika.

Mwishoni, ulipokuwa huwezi tena hata kushika randa, ulinikamata mkono ukasema, "Nitafutie baba yangu. Ujue vitani alikuwa nani." Nikasema nitamtafuta. Ungeweza kuniambia palepale, Baba. Tulikuwa wawili tu chumbani.

Siku ya msiba alikuja rafiki yako wa tangu utotoni, mtani wetu wa mtaa wa Mtendeni, tunayemwita Mzee Mgogo. Kabla jeneza halijatolewa aliviringisha mkeka, akautupia begani, akaanza kuzunguka ua akihema na kupepesuka. "Mimi ndiye baba wa marehemu! Askari mkubwa! Bunduki yangu hii hapa, gunia la mchele la mzungu!" Akina mama waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakashika mbavu. Mgogo kumwita Mnyamwezi mbeba mizigo ni utani mkongwe kuliko reli, na sisi siku zote tunamrudishia kwa mlenda, mboga ya kwao. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Nani aende kutafuta ukweli kwa mtani, tena matangani?

Baada ya arobaini nilianza kazi yako. Niliwauliza wanaotunza habari za vita vile, niliuliza wazee wa mjini, na kila mahali niliulizia jina la babu miongoni mwa maaskari. Hakuna aliyemjua. Mwishowe nikapanda basi hadi Choma, kwa shangazi, dada yako mdogo. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri lakini ulimi haujapungua. Alinilisha kwanza, akanisema kwa kukonda, ndipo akaniambia anachokumbuka.

"Baba alikuwa na nundu bega la kulia. Ngumu kama kisigino. Hakulalia upande ule mpaka anakufa. Baba yako alituambia ni ya bunduki."

Baba, mimi ni fundi cherehani. Makuli wa stesheni wote wanashonewa kwangu, na kila shati lao nalipanua bega moja, kwa sababu ya nundu hiyohiyo. Bega hilo nalijua kwa vidole. Nilikaa mbele ya shangazi na bakuli la maziwa mkononi, nikamwona Mzee Mgogo anazunguka ua na mkeka wake.

Nilimkuta Mtendeni, amekaa mlangoni anachambua michembe ya viazi vikavu kwenye ungo. Nikamwamkia.

"Marahaba. Karibu, mbeba mizigo."

Sikucheka. Nikamwambia, "Mzee, siku ya msiba ulikuwa unatania, au ulisema kweli?"

Akaweka ungo chini. "Msiba mzima nilitania, mwanangu. Isipokuwa pale."

Akanieleza. Baba yake na baba yako walibebeshwa mti mmoja, mmoja mbele na mwingine nyuma, sanduku la risasi likining'inia katikati, kutoka hapa mpaka kusini kabisa. Wenzao walikufa kwa njaa na kuhara, wakaachwa kando ya njia. Wao wawili walirudi kwa miguu. Baba yake alipita kwao Ugogo, akakaa kidogo, akashindwa kuishi mbali na mtu aliyekuwa nyuma yake njia nzima. Akahamia Tabora.

"Na Baba alijua?"

"Tangu amepata akili. Lakini shuleni watoto wa maaskari walijua kwamba ni mwana wa mpagazi. Wakawa wanampandia mgongoni kwa zamu. Beba, si baba yako alibeba? Tulipohamia shule nyingine akasema baba yake askari. Mimi nikanyamaza. Akaoa, akawazaa ninyi, akasema vilevile."

"Kwa nini basi alinituma mimi?"

"Alikuja hapa alipoona ugonjwa hauna mchezo. Akaniambia, 'Mdomo wangu umezoea kusema askari, haugeuki tena. Nikifa, wewe una ruhusa. Sema mbele yao wote, na atakayekuja kuuliza, mweleze.'" Akaokota ungo wake. "Umekuja wewe tu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka nikukasirikie, nikakuta sina hasira. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yako umeitembea maisha yako yote na hukuchoka. Nilichoona cha ajabu ni kimoja tu. Zamani kijana wa Unyamwezi hakuhesabiwa mtu mzima mpaka abebe mzigo mpaka pwani na kurudi. Walienda wakiimba. Wewe ukaenda kuazima bunduki ya mtu, ukaficha nayo fahari ya wazee wako.

Ijumaa ijayo kaka zangu wanakuja kwa hitima yako. Nitawaambia. Nitasema nikiwa nimekaa mkekani, kwa mdomo wangu, kwamba babu alikuwa mpagazi wa vita na alirudi akiwa hai. Mkubwa atanuna, unamjua. Atasema namvunjia baba heshima kaburini. Atanuna, atakula, atazoea.

Vita vile havinigusi, Baba, nakuambia kweli. Nimesikia habari za njaa na maiti njiani na nikaendelea kupinda mikono ya mashati. Kinachonisumbua ni kitu kidogo. Hukuwahi kumbeba mgongoni hata mmoja wetu. Tulilia, tukakuvuta kanzu, ukasema mgongo unauma, na tukaamini kwamba mafundi seremala wote wana migongo mibovu. Tangu nitoke Mtendeni, kila nikifumba macho nakuona kwenye uwanja wa shule ile, mtoto mdogo mwenye miguu myembamba, umeinama, mtoto wa mtu yuko juu yako, na wengine wanasubiri zamu yao.

Ningekuwepo, Baba, ningewashusha mmoja mmoja.

Mungu akulaze pema.

Binti yako wa pekee