Mistari ya Zita

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mjini. Leo mionzi imepita salama. Uvimbe wa kope ya kushoto walishaukata mwezi wa tatu – saratani ya tezi za mafuta, adimu. Mionzi ni ya kuua mabaki. Zita, mtaalamu wa mashine, ananitia ganzi, anachomeka chini ya kope kikombe kidogo cha madini ya risasi kulinda mboni. Baridi. Kisha anakagua mistari ya kulengea mionzi aliyonichora shavuni kwa kalamu. Masharti: usiioshe, usipake mafuta. Ukigusa kivimbe mbele ya sikio, ndiko inakosambaa, sema siku hiyo hiyo.

Jumanne, 10 Juni
Mashine imekufa. Spea inatoka nje. Tumeambiwa turudi makwetu, tutapigiwa simu. Mzee mmoja kwenye benchi kauliza kama saratani nayo imepewa likizo. Tumecheka. Hata Zita.

Alhamisi, 12 Juni
Gendabi, kijijini kwetu. Nimemwamkia mama, ameitikia akitazama jicho la kulia, lile zima. Ngozi inababuka. Tluway, jirani mfugaji, kasema wamenipiga chapa kama ndama, sasa sipotei. Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyesema mwanzoni ni vikope tu, akaning'oa nywele za kope kwa kibano, kama alivyomfanyia bibi.

Simu kimya.

Jumamosi, 14 Juni
Nimenyoa. Mbele ya sikio la kushoto, kitu. Kigumu, kama punje ya mbaazi. Hakiumi. Hakisogei.

Kazini, gazetini, nilidai vyanzo viwili kabla ya kutuma habari. Kidole cha asubuhi, kidole cha jioni. Vinakubaliana.

Sijampigia Zita. Ataniambia nije, kwenye mashine gani?

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa mama ameleta siagi ya ng'ombe kwenye kikombe. Nikamkumbusha masharti. Akauliza:
"Mashine yenyewe imepona?"
"Bado, mama."
"Basi kaa."

Nimekaa. Amepaka taratibu, kope, kisha shavu. Mistari yote imetoka. Wino umebaki kidoleni mwake. Akafika mbele ya sikio. Kidole kikasimama.

"Na hiki?"

Nimemwomba asubiri, kuna kitu naandika. Ameketi kizingitini, mikono bado ina siagi. Hajanawa. Ananitazama upande ule ule wa jicho zima.

Nimeshamaliza. Bado naandika.