Sura ya Mwisho Nakuwekea

3 Machi

Kwa mwanangu Bibi Kurasa,

Hujambo? Mimi sijambo, ila vidole vimeanza kukataa sindano. Huku nyuma ya maktaba tumebaki mimi, mashine ya kubana vitabu na kopo la gundi, na katika sisi watatu mwenye afya ni kopo.

Nakutumia riwaya ya jalada la kijani. Nimeushona upya mgongo wake, na kama ilivyo desturi yetu tangu ukiwa na miaka tisa, sura ya mwisho nimeitoa. Utaipata ukishaniandikia wewe ungemalizaje. Msichana anajifungua, anampa mtoto mwanamke asiyejaliwa kuzaa, kisha anahamia jirani na kuuza maziwa ili amwone mwanawe kila asubuhi. Mtoto anakua bila kujua. Sasa muuza maziwa anaumwa. Mtoto aambiwe au asiambiwe? Fikiri vizuri, usinijibu kwa pupa zako.

Jirani yetu Fundi kifua kimemlaza. Cherehani imefunikwa shuka wiki ya tatu leo. Humu kwenye kifurushi kuna gauni lako, la mwisho alilolishona kabla hajaanguka. Barua zako bado namsomea, maana yeye na herufi hawakupatana kamwe. Anauliza utakuja lini.

Mama yako, Mkono wa Gundi

21 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Kitabu nimekisomea kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nimekaa juu ya marundo ya mashuka, mashine zikinguruma.

Mama, hizi riwaya za siri za ukoo zimenichosha. Lazima mtu afungue sanduku, lazima kuwe na picha ya zamani, kisha mtu mzima na akili zake anajitazama kwenye kioo na kuuliza, "Mimi ni nani?" Kwani jana alikuwa nani? Mimi nakunja mashuka mia nne kwa siku, na nikifika nyumbani jina langu nalikumbuka vizuri tu. Aliyekulea ndiye mzazi, basi, kitabu kifungwe.

Mwisho wangu huu hapa. Binti anaambiwa. Anakwenda kwa muuza maziwa, anasimama mlangoni, haingii. Anamwambia, "Heri ungenitupa ukaenda zako. Umekaa ukuta kwa ukuta, ukanisikia nikimwita mwingine mama, ukanyamaza. Huna moyo wewe. Kufa salama." Anageuka, anaondoka. Usiseme nina roho mbaya, ni kitabu.

Mwambie Fundi gauni limefika na mikono imezidi urefu kama kawaida yake. Ananipima tangu darasa la kwanza, na mkono hajawahi kuupatia! Likizo sina mpaka Agosti. Apone upesi.

Mwanao, Bibi Kurasa

14 Aprili

Mwanangu,

Sina nguvu za salamu ndefu. Fundi alitutoka tarehe tatu. Tumeshamzika. Cherehani yake iko kwangu.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Unakula? Unalala? Nimelia pale kazini mpaka msimamizi akanirudisha nyumbani. Sikujua kama ningemlilia jirani namna hii. Namwona na pini zake mdomoni, ananizungusha, ananipima mabega mara mbili, mara tatu, kana kwamba nimebadilika tangu dakika iliyopita. Nami nilikuwa namkimbia nikacheze.

Sura ya mwisho hujaniletea. Tena hujasema neno juu ya mwisho wangu, wewe ambaye hukosi la kukosoa. Kuna nini?

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua hii nimeichana mara tano.

Fundi ndiye aliyekuzaa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa na thelathini na moja, na tumbo lisiloshika mimba. Tulipatana kwamba atakaa karibu, atakushonea, na hatasema. Alitimiza. Alipoona haponi aliomba kitu kimoja tu, umwite mama mara moja. Nikamwambia, ngoja kwanza nimpime kwa kitabu.

Jibu lako lilipofika alikuwa ameegemea mito. Akasema, "Nisomee." Ningeweza kuruka, angejuaje? Ningeweza kumtungia mwisho mwingine palepale. Sikuruka, mwanangu. Nilisoma neno kwa neno, hata lile la kufa salama. Na nilifurahi. Miaka thelathini na miwili niliogopa siku utakayotuweka sote wawili mbele yako uchague, na hapo ulikuwa umenichagua mimi. Yeye akageukia ukutani. Aliishi siku nane zaidi, hakunisemesha tena.

Sura ya mwisho hii hapa. Binti anaingia ndani.

Niadhibu unavyotaka, lakini niandikie.

Mama yako, kama bado

30 Agosti

Shikamoo.

Likizo nilipata, na nilikuja. Mlinzi wa makaburi alinionyesha mahali. Nilimwita. Nilimwita mara nyingi, mpaka yule mlinzi akasogea mbali.

Kisha nikaja maktaba, kwa mlango wa nyuma. Ulikuwa unapaka gundi mgongo wa kitabu, miwani imekushukia puani. Umekonda. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu. Sikuingia.

Uliniuliza habari za watu wa kitabuni, nikakujibu habari za watu wa kitabuni. Ungeniuliza juu ya Fundi ningepanda gari siku ileile. Hilo ulilijua, ndiyo maana hukuniuliza.

Sura yako nakurudishia. Sijaisoma. Usinitumie vitabu tena.

Juzi nilitaka kupunguza mikono ya lile gauni. Nilipofumua pindo nikakuta ndani kitambaa kingine, inchi mbili nzima, kimekunjwa na kushikizwa kwa uzi mwepesi, kama alivyofanya kwenye sare zangu za shule. Nina miaka thelathini na miwili. Alikuwa bado ananiachia nafasi ya kukua.

Nimelishona pindo kama lilivyokuwa.

Ni mimi.