Baba Aliyeuliza Habari za Nyumbani

Marehemu Shabani Mnyachi, Mganga Msaidizi, Mtwara

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha, na bado mtu akibisha hodi jioni tunatazamia uingie wewe na maswali yako.

Ulikuwa mganga hospitalini hapa Mtwara, na kwa kuuliza habari hukuwa na mpinzani. Ilipoingia ile homa kali ya mafua, foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Wote walikuwa na homa, kikohozi, macho mekundu, na viungo viliwauma kama waliopigwa. Lakini watu wetu uliwajua. Mtu analetwa amebebwa kutoka Kilambo, ukimwuliza hujambo anakujibu "Sijambo," maana ndivyo alivyolelewa. Basi hukuishia hapo. "Habari za nyumbani? Watoto je? Mikorosho imechanua?" Huku unasikiliza pumzi. Aliyekatika pumzi katikati ya jibu alipata kitanda kwanza, kwa kuwa ugonjwa ulikwisha kushuka kifuani.

Wa nyuma walinung'unika. Bi Mumtaz, mwenye duka Mikindani, alipaza sauti: "Bwana Mganga, wewe unapiga soga na sisi tunakufa!" Ukacheka. "Mwenye nguvu ya kunigombeza hivi, ndugu yangu, hafi leo."

Siku Mama alipougua, alikufukuza uende kazini. "Sijambo, Baba Amina. Wagonjwa wanakungoja." Ulikwisha fika mlangoni, ukageuka: "Habari za mihogo?" Mama, ambaye akianza kuwasema nguruwe wanaochimbua mihogo yake hata chai hupoa, alijibu "Nzuri" tu, akashika ubavu. Hukumwuliza tena. Ulimpakia kwenye baiskeli ya jirani, ukaisukuma kutoka nyumbani Mtawanya mpaka hospitali, mkono mmoja mgongoni mwake. Tuliogopa sana, Baba. Tulidhani tunampoteza. Akapona.

Homa ilipokupata wewe, ulijua namna ya kumkwepa Mama: kila alichouliza uliitikia kwa kichwa. "Jibu kwa mdomo, Baba Amina," alisema, machozi yakimtoka. Akakupeleka mwenyewe. Wenzako walifanya kila walichoweza, nasi tunawashukuru kwa moyo wote. Mwenyezi Mungu alikupenda zaidi.

Asante, Baba. Asante kwa zile korosho za kuchoma walizokupa wagonjwa waliopona, ulizotuletea zimejaa mifuko ya koti lako jeupe, na Mama akakusema kwa madoa. Asante kwa kutompita mtu bila kumjulia hali, hata tulipokuvuta shati tukitaka kwenda. Na asante kwa Mama.

Leo asubuhi jirani amemwuliza habari za mihogo. Amewasema nguruwe bila kituo mpaka chai ikapoa. Hatukumkatiza. Tulikaa tukimsikiliza, tukikushukuru wewe.

Unakumbukwa na mkeo Mariamu, wanao Amina, Issa na Asha, dada yako Somoe wa Kilambo, wenzako wa hospitalini, na Bi Mumtaz, ambaye hajaacha kukugombeza. Hutatoka mioyoni mwetu daima.

Habari za nyumbani ni nzuri, Baba.